UZI: Shira ndiyo siri ya kaimati, visheti, kashata, labania na ubuyu. Tuweke vipimo, hatua na makosa hapa

MwikoMrefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Vitafunwa vya kupeleka kwa jirani, vya futari, vya Idi au vya wageni wa ghafla huwa vinagawanywa kwa majina yake, kila kimoja na karatasi yake ya vipimo. Mimi nasema vingi vya pwani ni kitu kimoja: sukari na maji motoni. Ukiijua shira, umejua nusu ya sinia. Ukiharibu shira, hata unga uwe mzuri vipi, hakuna cha kuokoa.

Vipimo vyote nitakavyotaja ni vya kikombe cha mililita 250. Kikombe hicho kinachukua sukari ya chenga gramu 200 na unga wa ngano gramu 125 hadi 130. Vikombe vya bati vya chai vingine vinachukua 300 na zaidi, na hapo ndipo ugomvi wa "nimefuata vipimo, mbona haikukubali" unapoanzia. Kikombe chako kikiwa kikubwa si tatizo, mradi ukitumie hichohicho kwa kila kitu.

Shira ya msingi: sukari vikombe 2 (gramu 400), maji kikombe 1. Weka kwenye sufuria nzito, koroga KABLA haijachemka mpaka chenga zote ziyeyuke. Ikianza kuchemka, toa mwiko. Funika dakika 2 ili mvuke uoshe chenga zilizogandia pembeni, kisha funua uendelee kwa moto wa kati. Baada ya hapo unahesabu hatua, si dakika:

Uzi mmoja: chovya kijiko, kipoe kidogo, gusa shira kwa kidole gumba na cha shahada, achanisha. Inavuta uzi mmoja mwembamba unaokatika. Kwenye kipimajoto ni kati ya nyuzi joto 106 na 110 za Selsiasi. Hii ni ya kaimati, na ndiyo ya kuanzia kashata za nazi.

Uzi mzito: uzi haukatiki upesi, na tone likidondoshwa kwenye bakuli la maji baridi linakusanyika kuwa kidonge laini kinachobonyea. Nyuzi 112 hadi 116. Hii ni ya visheti na labania.

Ukipita hapo, nyuzi 146 na kuendelea, tone linakuwa gumu na linavunjika kwa sauti. Kwenye 160 na kitu sukari inaanza kugeuka rangi, na hiyo ni ya kashata za karanga.

Angalizo moja tu: shira inayochemka ina joto kuliko maji yanayochemka na inang'ang'ania ngozi. Watoto wakae mbali, na bakuli la maji baridi liwe karibu na mpishi.

---

Bi_Karai

Ahsante mwenye uzi. Nikianza na kaimati, maana ndizo zinazolaumiwa sana.

Unga wa ngano vikombe 2, hamira ya chenga ndogo kijiko 1 cha chai, unga wa maziwa au mtindi kijiko 1 cha chakula, chumvi kidogo, tui jepesi la vuguvugu kikombe 1 kasoro vijiko viwili vitatu. Sukari usitie kwenye unga, au ukizidi sana iwe kijiko kimoja cha chai. Sukari ikiwa ndani, kaimati inakuwa nyekundu nje kabla haijaiva katikati.

Unga uwe mzito wa kuvutika, si wa kumiminika kama wa vibibi. Upige kwa mkono, unanyanyua na kuupiga ukutani mwa bakuli dakika 5 hadi 7 mpaka utoe mapovu na uwe mlaini. Funika dakika 45 hadi saa 1 kulingana na joto la nyumba. Ukiumuka, USIUKOROGE tena. Chota kwa mkono, kamua kati ya gumba na shahada, sukuma kwa kijiko kilicholowa maji au kwa gumba la mkono wa pili. Mafuta yawe mengi, kaimati ielee. Joto la kati: tone la unga likizama kisha likapanda taratibu na mapovu, ndiyo sawa. Likipanda papo hapo na kubadilika rangi, punguza.

Zikishapanda, zikoroge kwa chujio au kijiko kirefu mfululizo zigeuke zenyewe ziive pande zote. Anayezitoa zikiwa za manjano mpauko ndiye atakayelalamika baadaye zimelegea. Zifike rangi ya kahawia ya dhahabu, ukizigonga na kijiko zisikike kavu.

---

mtoto_wa_gengeni

Wakuu, naomba kuuliza hapo hapo. Kaimati zikitoka kwenye mafuta zinakuwa kavu kabisa, zikiingia kwenye shira dakika kumi zimekuwa kama sponji. Kosa ni unga au shira?

---

Bi_Karai

Mara nyingi shira, mwanangu. Sababu ni tatu na zote zinatibika.

Ya kwanza, shira nyepesi. Haijafika uzi mmoja, kwa hiyo ina maji mengi, na maji hayo yanaingia kwenye ganda. Ichemshe zaidi.

Ya pili, moto kwa moto. Kaimati inatoka kwenye mafuta inatoa mvuke, shira nayo inachemka, ganda halipati nafasi ya kukaza. Kaimati zikae kwenye chujio dakika 2 au 3, shira iwe ya vuguvugu, ukiigusa unaivumilia. Zizungushe humo nusu dakika, toa. Hazilali ndani ya shira.

Ya tatu, bakuli lenye mfuniko. Kaimati zikifunikwa zingali na joto, mvuke unarudi. Zipelekwe kwa jirani kwenye sahani iliyofunikwa kwa kitambaa au kawa.

Wanaotaka ganda gumu zaidi wanatoa vijiko 2 vya unga wa ngano na kuweka vijiko 2 vya unga wa mchele au wanga wa mahindi. Inasaidia kweli. Wengine wanakaanga mara mbili: ya kwanza mpaka manjano, zipoe, ya pili moto mkali kidogo dakika moja na nusu. Hiyo ni nzuri kama wageni wanakuja magharibi na wewe umeanza alasiri.

---

MwikoMrefu

Kuongezea kwa Bi Karai: kwenye shira ya kaimati tia maji ya ndimu kijiko 1 cha chai kwa kila vikombe 2 vya sukari, itie ikianza kuchemka. Tindikali inavunja sehemu ya sukari kuwa sukari mbili ndogo zaidi, glukosi na fruktosi, na hizo zinazuia chenga zisijipange upya. Ndiyo maana shira yenye ndimu inabaki inang'aa, haigandi kwenye bakuli. Iliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai na zafarani viingie mwishoni kabisa, moto ukizimwa. Iliki ikichemka dakika kumi, harufu yote imeenda kwa majirani kabla ya sinia.

---

Mkaanga_Polepole

Hapo kwenye ndimu nisimame kidogo, kwa sababu watu wataisoma na kuitia kila mahali. KWENYE VISHETI USITIE NDIMU. Narudia. Kisheti kizuri kimevaa sukari nyeupe kavu, hakinati mkononi, unaweza kukijaza kwenye kopo. Hiyo nyeupe ni sukari iliyorudi chenga kwa makusudi. Ukitia ndimu umeizuia isirudi, na utapata visheti vinavyong'aa na kushikana donge moja.

Vipimo: unga wa ngano nusu kilo, samli vijiko 4 vya chakula, iliki kijiko 1 cha chai, chumvi robo kijiko, hamira ya poda nusu kijiko cha chai ukipenda, maziwa au tui kikombe 1 lakini usiimimine yote. Samli iyeyushwe, isuguliwe na unga kwa vidole mpaka ukiminya unga kiganjani unashikana. Hapo ndipo kimiminika kinaingia kidogo kidogo. Donge liwe gumu kuliko la chapati. Lipumzike dakika 20.

Sukuma unene wa nusu sentimita, kata vipande vya pembe nne vilivyolala ubavu, au kata vijiti uvibonyeze nyuma ya uma au kwenye kitana kipya na kuvikunja vipate mistari. Mistari si urembo tu, sukari inashika humo.

Kukaanga ndipo penye jina langu. Moto wa kati kwenda chini, nyuzi 150 hadi 160, dakika 8 hadi 10 kwa mkupuo. Kisheti kilichokaangwa kwa haraka kina unga mbichi katikati, na kesho yake unyevu wa ndani unatoka nje, kinalegea. Kivunje kimoja: katikati pawe pakavu, rangi moja na nje au karibu.

Shira: sukari vikombe 2, maji robo tatu ya kikombe, bila ndimu, mpaka uzi mzito. Visheti viwe vimeshapoa kwenye karai pana au beseni. Mimina shira yote, na kuanzia hapo mikono isisimame. Pindua kwa miko miwili, kutoka chini kwenda juu, dakika 4 hadi 6. Kwanza vitang'aa, halafu vitafifia, halafu utaona vumbi jeupe. Ukiacha kupindua katikati ya safari, vimeshikana. Kupindua ndiko kunakofanya sukari irudi chenga ndogo ndogo laini.

---

jikolamkaa

Na kama visheti havikuwa vyeupe hata baada ya dakika kumi?

---

Mkaanga_Polepole

Basi shira haikufika. Chemsha nyingine ndogo, nusu kikombe cha sukari na vijiko 3 vya maji, ifikishe kwenye kidonge laini, imwage juu, tia na kijiko kimoja cha chai cha sukari kavu ya chenga, pindua tena. Zile chenga kavu ni mbegu, nyingine zinajipanga kwao.

Kinyume chake, shira ikigeuka chenga ikiwa bado sufuriani kabla ya kuimwaga: uliikoroga ikiwa inachemka, au kulikuwa na chenga pembeni mwa sufuria. Ongeza maji vijiko 4, rudisha moto mdogo, iyeyuke, anza upya. Sukari haijaharibika.

---

NyuziJoto

Salamu kutoka Nairobi. Namba za kipimajoto alizoweka mwenye uzi ni za usawa wa bahari: Mombasa, Dar, Tanga, Unguja. Huku juu zitawapotosha. Nairobi iko kwenye mita 1,795 hivi na maji yanachemka kama nyuzi 94. Shira nayo inashuka kwa kiasi hichohicho. Mtu wa Nairobi akisubiri nyuzi 115 ili apate shira ya visheti, amepata ya kuvunja meno.

Njia rahisi: chemsha maji matupu, weka kipimajoto, soma. Kama yanachemka kwenye 94, toa 6 kwenye kila namba. Uzi mmoja unakuwa 100 hadi 104, kidonge laini 106 hadi 110. Arusha inatoa kama 4 au 5. Njia hii pia inarekebisha kipimajoto kibovu, kwa sababu kasoro yake imo humohumo kwenye hesabu. Kitu pekee ambacho hakishuki ni rangi: sukari kavu inayoyeyushwa bila maji kwa ajili ya kashata haijali mwinuko, maana hakuna maji ya kuchemka.

Asiye na kipimajoto atumie bakuli la maji baridi. Kipimo hicho kinafanya kazi popote, Limuru mpaka Lamu.

---

MwikoMrefu

Mkuu NyuziJoto, hiyo nimeinukuu kwenye daftari. Twende kashata.

KASHATA ZA NAZI. Nazi iliyokunwa vikombe 2 (nazi moja ya wastani hutoa hata 3), sukari kikombe 1 na nusu, maji nusu kikombe, iliki, chumvi ncha ya kijiko. Nazi iwe imekomaa. Koroma lina maji mengi, utakoroga mpaka mkono ufe na kashata bado inatoa jasho.

Shira mpaka uzi mmoja, mimina nazi, moto wa kati kwenda chini, koroga bila kuacha dakika 8 hadi 12. Dalili si saa: mchanganyiko unaachia chini na pembeni mwa sufuria, unakuwa donge moja linalofuata mwiko, na pembeni mwa sufuria sukari inaanza kukauka nyeupe. Mwaga kwenye sinia lililopakwa samli, lisawazishe kwa mgongo wa kijiko unene wa sentimita 1 na nusu. Chora mistari baada ya dakika 5, kata kwa kisu kilichopakwa mafuta kama baada ya dakika 10, iache ipoe ndipo uinyanyue.

Kuna wanaotumia machicha, yaani nazi iliyokwisha kukamuliwa tui. Inakubali, lakini mafuta yameondoka, kashata inakuwa kavu na haina harufu. Changanya nusu machicha nusu nazi ambayo haijakamuliwa, na ongeza kijiko kimoja cha samli.

---

mtoto_wa_gengeni

Kashata ikimomonyoka wakati wa kukata? Na nyingine zinakaa siku ya pili zinanata kwenye karatasi.

---

Bi_Karai

Kumomonyoka: imepikwa mno au imekatwa imeshapoa. Irudishe yote sufuriani na maji vijiko 3 vya chakula, moto mdogo, iyeyuke, ipike tena mpaka iachie sufuria, mwaga. Hakuna hasara.

Kunata siku ya pili: imepikwa kidogo, au hewa. Sukari inavuta unyevu, na pwani wakati wa masika hewa yenyewe ni maji. Hapo ndimu inazidisha, kwa sababu ile fruktosi aliyoitaja Mwiko inavuta unyevu kuliko sukari ya kawaida. Kwa hiyo kashata za nazi nazo hazitaki ndimu. Kata, ipoe KABISA, ifunge siku hiyohiyo kwenye kopo lisiloingiza hewa, karatasi ya kuokea kati ya safu na safu. Usiziweke kwenye friji. Ukizitoa zinapata umande.

---

nazi_ya_paketi

Kwa tulio Uingereza ambako nazi mbichi ni bahati nasibu, unaipasua na imeshaoza ndani: nazi kavu ya paketi inakubali. Soma paketi kwanza, nunua isiyotiwa sukari. Kikombe 1 cha nazi kavu kwa theluthi ya kikombe cha maziwa ya moto au tui la kopo, koroga, funika nusu saa ivimbe. Ndipo ipimwe vikombe 2 kama kawaida. Ukiitia kavu moja kwa moja inanywa shira yote na kashata inakuwa makapi. Kama umekosa isiyo na sukari, punguza sukari kwenye shira iwe kikombe 1.

Faida yake moja: nyumba zenye kipasha joto hewa ni kavu, kashata hazitoi jasho. Watu wa pwani mtuonee wivu kwa hilo tu.

---

jikolamkaa

KASHATA ZA KARANGA, na hapa natofautiana na njia ya shira ya maji. Ya maji inatoa kashata nyeupe laini, ni nzuri, lakini ile ya kuvunjika kwa sauti ni ya kuyeyusha sukari kavu.

Karanga zilizokaangwa na kumenywa vikombe 2, sukari kikombe 1 na nusu, samli kijiko 1 cha chakula, chumvi robo kijiko cha chai, magadi ya kuokea robo kijiko cha chai.

Kwanza tayarisha sinia, lipake mafuta, weka chupa iliyopakwa mafuta na kisu karibu. Ukianza hutapata muda wa kutafuta kitu. Karanga zikae mahali penye joto. Karanga baridi zikiingia, sukari inaganda papo hapo na huwezi kuchanganya.

Sukari itandazwe kwenye sufuria nzito, moto mdogo. Kwenye mkaa ni makaa machache yaliyokwisha kushika majivu, si yanayowaka. Usikoroge mpaka pembeni paanze kuyeyuka, kisha vuta ya pembeni kuja katikati taratibu. Rangi ikifika ya chai ya rangi iliyokolea kiasi, epua. Ukisubiri iwe nyeusi kidogo, itakuwa chungu, kwa sababu sufuria inaendelea kupika hata ikiwa chini. Tia samli, chumvi, magadi (yatatoa povu, ni kawaida, ndiyo yanayofanya kashata iwe nyepesi kutafuna), karanga, pindua mara kumi, mwaga, sukuma kwa chupa. Kata ndani ya dakika 2 au 3. Ikishagoma kukatika, weka sinia juu ya makaa sekunde chache ilegee.

Sufuria iliyogandia: jaza maji, chemsha, sukari inatoka yenyewe. Msikwangue.

---

Mkaanga_Polepole

Kwenye karanga chagueni, jamani. Iliyokunjamana, yenye ukungu, yenye rangi ya kijani au nyeusi, yenye uchungu, itupwe. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haionekani yote kwa macho, na kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa nafaka yenye sumu hiyo. Na ukigawa sinia kwa majirani wenye watoto, sema wazi ipi ina karanga. Hata kisu kilichokata kashata za karanga kisikate za nazi.

---

Bi_Karai

LABANIA kwa kifupi. Sukari vikombe 2, maji kikombe 1, unga wa maziwa yenye mafuta kamili vikombe 2 na nusu, samli vijiko 2 vya chakula, iliki. Shira ifike uzi mzito, epua, subiri povu litulie kama dakika moja. Tia samli, halafu unga wa maziwa uliochungwa kwa mafungu matatu huku ukikoroga kwa nguvu. Mwaga kwenye chano kilichopakwa samli, kata ikiwa vuguvugu. Unga wa maziwa ukitiwa juu ya moto mkali unafanya madonge na kugeuka rangi. Ikikataa kushika, rudisha moto mdogo mno dakika 2 au 3 huku unakoroga. Ikikauka kama chokaa, kijiko 1 au 2 cha maziwa ya moto. Unga wa maziwa usio na mafuta unatoa labania ngumu, usidanganyike na bei.

---

mtoto_wa_gengeni

Shukrani sana. Na ubuyu wa Zanzibar? Ule haushikani wala haukauki kama visheti, uko katikati.

---

MwikoMrefu

Kwa sababu ubuyu una ndimu yake. Ule unga mweupe juu ya kokwa ni mchachu wa asili, una tindikali ya kutosha kuzuia sukari isirudi chenga. Ndiyo maana hata ukikoroga unabaki mlaini wa kulambika.

Ubuyu wa kokwa nusu kilo, sukari kikombe 1 na nusu mpaka 2 (inategemea uchachu, onja kwanza), maji kikombe 1 na nusu, chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili ya unga robo mpaka nusu kijiko, iliki kijiko 1 cha chai, vanila nusu kijiko, rangi nyekundu ya chakula nusu kijiko.

Kwanza uchambue, toa nyuzi na vipande vya ganda, lakini USIUOSHE, utaondoa ule unga. Chemsha maji, sukari, chumvi, pilipili na rangi dakika 6 au 7. Punguza moto, mimina ubuyu, koroga taratibu dakika 8 hadi 10. Unga utayeyuka na kuwa uji mzito unaovaa kila kokwa. Ukiona bado kuna supu chini, endelea. Ukiona umeanza kukatika vipande, epua upesi. Iliki na vanila sasa, koroga tena mpaka upungue joto, tandaza kwenye sinia saa chache kabla ya kufunga.

Rangi iwe ya chakula, imeandikwa hivyo kwenye pakiti. Rangi za ukili na za nguo ni nafuu na zinakolea, lakini si za kuingia kinywani. Asiyeamini rangi ya dukani aache kabisa, ubuyu wa hudhurungi ni mtamu vilevile.

---

Mkaanga_Polepole

Nichomekee kisicho na shira, kwa sinia lisiwe lote la kunata. VILEJA: unga wa mchele nusu kilo, samli gramu 250, sukari ya kusaga gramu 250, viini vya mayai 4, iliki kijiko 1, maji waridi kijiko 1 cha chai. Samli isiwe ya maji, iwe imeganda. Ipige na sukari mpaka iwe nyeupe, tia viini kimoja kimoja, malizia na unga. Viringisha, bonyeza, tone la rangi katikati. Oveni nyuzi 170, dakika 12 hadi 15, vitoke vyeupe. Vikitoka havishikiki, viache vipoe kwenye bati lake. Vikitandawaa, samli ilikuwa imeyeyuka. Rudisha donge mahali pa baridi nusu saa.

---

NyuziJoto

Swali la kupanga kazi: sinia la watu ishirini, kipi kitangulie?

---

Bi_Karai

Visheti na vileja wiki moja kabla, hata mbili, kwenye kopo linalofunga. Kashata za karanga vivyo hivyo. Ubuyu siku tatu nne kabla unakuwa mtamu zaidi, viungo vinaingia. Labania siku mbili kabla. Kashata za nazi siku moja kabla, maana nazi mbichi kwenye joto la Mombasa siku ya nne inaanza kuchacha. Kaimati saa ileile. Na kwenye sinia kaimati zisigusane na visheti. Maji ya shira yanahama, utakuta visheti vimelegea upande mmoja.

---

jikolamkaa

Ukizidisha vipimo mara tatu kwa ajili ya shughuli, usizidishe dakika mara tatu. Maji yanatoka kupitia uso wa sufuria. Sufuria pana inamaliza haraka, ndefu inachelewa. Na kwa visheti usivalishe zaidi ya kilo moja kwa mkupuo, mikono haitawahi.

---

mtoto_wa_gengeni

La mwisho: shira ya kaimati iliyobaki inatupwa?

---

MwikoMrefu

Hapana. Ichuje makombo ya unga, hayo ndiyo yanayoichachisha, ichemshe dakika mbili, itie kwenye chupa kavu. Ikifika uzi mmoja inakaa wiki kadhaa kwenye friji. Ikiganda chini, iweke chupa kwenye maji ya moto, au rudisha sufuriani na vijiko viwili vya maji. Inafaa kwa kaimati nyingine, juisi ya ukwaju, chai ya maziwa. Isitumike kwa visheti, ina ndimu.

---

Mkaanga_Polepole

😂 Amesoma.